Zimwi ni Nani? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Mla Watu wa Hadithini

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wa sekondari wanaokaribia mtihani, na wazazi ambao watoto wao wamegoma kulala. Huulizwa pia na watu waliosoma kichwa cha habari gazetini wakashangaa zimwi ameingiaje kwenye bajeti. Hayajapangwa kwa utaratibu wa kitabu. Ruka hadi lile linalokuhusu.

Zimwi ni nini hasa?

Ni kiumbe wa hadithi anayekula watu. Ukubwa, nywele ndefu, jicho moja na vichwa saba hubadilika kutoka msimulizi mmoja hadi mwingine, lakini ulaji haubadiliki. Mwondolee zimwi ulafi, utabaki na jitu tu, na huenda likawa jitu la upole. Zimwi halengi kushiba. Humeza mtu mzima, akameza ng'ombe pamoja na mchungaji wake, akafagia kijiji kizima, kisha akauliza kama kuna kingine jikoni.

Kuna sifa ya pili ambayo husahauliwa na wengi: zimwi huishi karibu. Hakai mbinguni wala ng'ambo. Ana nyumba msituni, ana chungu na kuni, mara nyingine ana mke na watoto. Huhudhuria ngoma. Huposa. Hubisha hodi na kuitikiwa karibu. Wanaomchora kama mnyama wa ajabu mwenye meno nje tangu mwanzo wa hadithi hupoteza nusu ya utamu, maana mara nyingi zimwi huingia kama mgeni, na wenyeji ndio humfungulia mlango.

Zimwi, jitu, dubwana, jini, pepo: si ni kitu kimoja?

Hapana, ingawa vitabu vya shule huwachanganya.

Jitu ni mtu aliyekuzwa kwa umbo, na neno halisemi lolote kuhusu tabia yake. Ndiyo maana bawabu wa klabu mwenye kifua kipana ataitwa jitu la miraba minne na asikasirike sana. Dubwana ni chochote kikubwa kinachotisha, hata kama ni trela lililolala katikati ya barabara. Jini ana dini, ana ukoo na anaweza kuwa mwema. Pwani kuna watu wanaosimulia habari za majini kama wanavyosimulia za majirani. Pepo humpanda mtu kichwani, akapungwa kwa ngoma na ubani. Zimwi hampandi mtu. Hana haja ya kichwa chako isipokuwa kwenye sufuria.

Jina lenyewe limetoka wapi?

Ni la ukoo mmoja na mzimu na kuzimu. Mzizi huu umetapakaa katika lugha za Kibantu kutoka kwetu hadi kusini kabisa mwa bara. Kwa Wakamba, aimu ni mizimu ya waliokufa. Kwa Watswana, badimo ni wahenga, wanaoheshimiwa na kukumbukwa. Ukifika kwa Wazulu, izimu ni mla watu wa hadithini, na anafanana na zimwi wetu kama pacha.

Kwa hiyo kwenye shina la neno hili yupo mfu. Mzimu ni mfu aliyetunzwa, akapewa tambiko, akabaki kuwa wa nyumbani. Zimwi ni kama mfu asiye na wa kumkumbuka, mwenye njaa isiyo na wa kuituliza. Hayo ya pili ni maoni ya mwandishi wa ukurasa huu na hayamo kwenye kamusi. Hata hivyo, hadithi nyingi huwa wazi zaidi ukizisoma hivyo.

Wazungu nao wana zimwi?

Wanaye. Wafaransa humwita ogre, na Waingereza waliliazima neno hilohilo. Aliyelisambaza ni Mfaransa Charles Perrault, aliyechapisha ngano zake mwaka 1697. Humo mna zimwi mwenye viatu vya kuruka maili nyingi kwa hatua moja. Yumo pia mwingine anayedanganywa na paka ajigeuze panya, na akijigeuza tu, paka anamla. Kabla ya Perrault, Mwitalia Giambattista Basile alikuwa ameandika ngano zenye kiumbe wa aina hiyo kwa lahaja ya Napoli, nazo zilitoka kati ya 1634 na 1636.

Wataalamu wengi hulihusisha jina hilo na Orcus, mungu wa kuzimu wa Warumi. Yaani huko nako mla watu alipanda kutoka kuzimu, kama wetu, bila mtu wa Roma kumwuliza mtu wa Ukambani.

Zimwi wa kijani wa katuni, yule mwenye punda, ni zimwi kweli?

Jina analo, kazi hafanyi. Katuni hiyo ya Marekani, Shrek, ilitoka mwaka 2001, ikitokana na kitabu cha watoto cha 1990, na kichekesho chake kizima ni kwamba zimwi ameacha kula watu. Mtoto asiyejua mazimwi wa kweli hacheki pale panapostahili kuchekwa. Anza na wale walaji.

Lugha nyingine zinazosemwa Nairobi humwitaje?

Panda matatu yoyote kutoka mjini kwenda Kayole, uulize, utapata majina matano kabla ya kufika. Wakikuyu husema irimũ, wakiwa wengi marimũ. Waluhya wengi husema amanani. Wakalenjin wana chemosi. Mwingereza Claud Hollis, aliyekuwa afisa wa serikali ya kikoloni, alieleza katika kitabu chake cha 1909 kuhusu Wanandi kwamba kiumbe huyo ni nusu mtu nusu ndege, ana mguu mmoja na makalio tisa, na kinywa chekundu kinachong'aa usiku kama taa. Makalio tisa! Hakuna msanii wa grafiti wa matatu aliyewahi kuthubutu kumchora. Hollis huyohuyo, katika kitabu cha 1905 kuhusu Wamaasai, alimtaja zimwi wao ambaye upande mmoja ni mwili na upande wa pili ni jiwe.

Eastleigh uliza habari za Dhegdheer. Huyo ni mwanamke mla watu wa hadithi za Kisomali, mwenye sikio refu linalosikia nyayo za msafiri kutoka mbali. Watoto wa Kisomali humwogopa kuliko kiboko cha mwalimu.

Nitamtambuaje zimwi akija na sura ya mtu?

Hapa ndipo hadithi zetu zinapokuwa hodari. Mtazame anapokula na umsikilize anapoimba. Sauti yake ni nzito. Hata akijifanya mama anayerudi nyumbani, watoto waliojifungia ndani husikia kwamba wimbo ni uleule ila koo si lile. Kuna hadithi ambamo zimwi huenda kwa mganga kulainishiwa sauti, akarudi na wimbo laini, na mara hiyo mlango ukafunguliwa.

Dalili nyingine ni kinywa cha pili. Katika hadithi za Wakikuyu, irimũ huwa na kinywa mbele kama watu wote na kingine kisogoni, kimefunikwa na nywele. Wasichana wanakwenda ngomani, wanakutana na kijana mtanashati ambaye hajapata kuonekana kijijini, na kila mmoja anamtaka. Njiani mmoja anaona inzi wakitua kisogoni mwa kijana, nywele zinafunuka kidogo, inzi wanaingia na hawatoki. Huyo msichana anatafuta kisingizio na kurudi nyumbani. Wenzake wanaendelea, maana kijana ni mzuri mno.

Angalia kilichowaponza wale walioendelea. Hawakukosa taarifa. Inzi walikuwepo kwa wote.

Hadithi ipi ya zimwi inafaa kuanza nayo?

Ya mhunzi na njiwa. Ni ya Wakikuyu, imesimuliwa madarasani kiasi kwamba watu wa makabila mengine wanaijua kama yao.

Mhunzi anasafiri mbali kwenda kufua chuma, akimwacha mkewe mja mzito. Siku za kujifungua zinafika mke akiwa peke yake, na anayetokea kumzalisha ni zimwi. Anafanya kazi ya mkunga barabara. Analeta kuni, anakoka moto, anapika. Kisha anamletea mzazi sahani na kumwambia: chukua chakula, na ukikataa nitakula mwenyewe. Kabla mama hajanyoosha mkono, sahani imeshakuwa tupu. Kila siku hivyo hivyo. Zimwi ananenepa, mama na mtoto wanakauka.

Mama anaanika mbegu za mbarika uani. Ndege wanakuja kuzidonoa, naye anawauliza mmoja mmoja kama atamtumikia akilipwa mbegu hizo. Anayekubali ni njiwa. Anakula ujira wake, anaruka hadi kwenye kiwanda cha wahunzi, anatua juu ya mti na kuimba: mhunzi unayefua chuma, fua upesi upesi, mkeo amejifungua, mkunga wake ni zimwi. Wahunzi wanamfukuza. Anarudi, anaimba tena. Hatimaye mwenye mke anaacha nyundo na kuusikiliza wimbo vizuri. Anakusanya mikuki yake, anarudi nyumbani kimya, na kujificha darini juu ya jiko. Zimwi akirudi na mzigo wa kuni, mkuki unamlaki.

Hii ndiyo hadithi ninayopenda kuwapa wanaodhani zimwi ni suala la meno. Huyu hakumgusa mama kwa jino hata mara moja. Alimhudumia, akamwandalia, na kila kitu kilichofanyika kilikuwa na sura ya msaada. Alichokula ni sahani ya mwingine, kwa maneno yaliyosikika kama ukarimu.

Na ya Waswahili wa Pwani?

Ipo ya msichana na ngoma. Wasichana wanakwenda ufukweni kuokota simbi. Mmoja anapata simbi nzuri sana, anaiweka juu ya jiwe asiipoteze, halafu anaisahau. Wenzake wanakataa kurudi naye, anarudi peke yake huku akiimba ili asiogope, na juu ya jiwe amekaa zimwi. Zimwi anausifu wimbo, anamwomba asogee auimbe tena, kisha anamtia ndani ya ngoma. Anazunguka naye vijijini. Akipiga, ngoma inaimba kwa sauti ya binti, na watu wanamlipa kwa kuku na wali. Anakula yote.

Kosa lake ni kufika kwa wazazi wa binti. Mama anaijua sauti. Wanamnywesha zimwi pombe hadi analala, wanamtoa mtoto na kujaza ngoma nyuki, siafu na nyoka. Anapoamka anaombwa apige tena. Ngoma iko kimya, kwa hiyo anaifungua aone kilichomo.

Nunda ni zimwi?

Kwa umbo hapana, kwa tabia ndiyo. Nunda mla watu ni paka wa sultani, na hadithi yake ilichapishwa mwaka 1870 na mmisionari Edward Steere kama alivyosimuliwa Unguja. Paka alianza na kuku. Watu waliposhtaki, sultani akasema paka ni wangu na kuku ni wangu. Akala ndama, jibu likawa lilelile. Akala mbuzi, ng'ombe, watoto wa watu, na kila mara mwenye mali na mwenye paka ni mmoja, kwa hiyo kesi haina mlalamikaji. Sultani alizinduka nunda alipowala wanawe mwenyewe.

Mtoto mdogo wa sultani ndiye anayemwua, lakini kwanza anawinda wanyama wasio nunda na kuwaburura mmoja baada ya mwingine kwa mama yake, akiimba kwamba amemwua nunda mla watu. Mama anamjibu kila mara kwamba siye. Sehemu hiyo huwachosha wasomaji wa leo, lakini wasimulizi huipenda kwa sababu wasikilizaji huimba pamoja naye.

Mbona zimwi akifa waliomezwa hutoka wazima?

Kwa sababu alimeza bila kutafuna. Katika ngano nyingi za Kibantu, zimwi anayekata roho hutoa maelekezo yeye mwenyewe: nikateni kidole kidogo. Wakikikata, wanatoka watu, ng'ombe, mbuzi na vijiji vizima, wakiwa na habari za humo ndani. Wanafunzi hupenda kuuliza kama hilo linawezekana. Swali zuri zaidi ni kwa nini anajisaliti. Jibu langu ni kwamba hadithi hizi zinachukulia mali na watu waliomezwa kuwa bado wana wenyewe. Tumboni hawakugeuka kuwa mali ya zimwi. Wamezuiliwa tu.

Je, mazimwi waliwahi kuwa watu halisi?

Hakuna mfupa wa zimwi kwenye Makumbusho ya Kitaifa pale Museum Hill, ukienda kwa ajili hiyo utapoteza kiingilio. Lakini njaa na vita vimewahi kumfanya binadamu awe zimwi. Mfano unaojulikana sana ni wa Lesotho. Miaka ya 1820, vita na njaa vilipovuruga eneo hilo, Peete, babu yake Moshoeshoe, mwanzilishi wa taifa la Wasotho, alikamatwa safarini kuelekea mlima wa Thaba Bosiu, ngome ya Moshoeshoe, akaliwa na watu wa kundi la Rakotsoane. Walipopatikana baadaye, watu wa Moshoeshoe walitaka kulipiza. Yeye akakataa, akisema kwamba hao sasa ndio kaburi la babu yake, na kaburi halivunjwi.

Sijui zimwi gani wa hadithini amewahi kupata hukumu kama hiyo. Kwa kawaida hupata mkuki.

Mumiani je? Nyanya alituambia wanyonya damu walikuwepo Nairobi.

Nyanya hakuzua. Wakati wa ukoloni uvumi huo ulienea Afrika Mashariki yote. Pwani wakasema mumiani. Nairobi jina lililotisha lilikuwa wazimamoto: ilisemekana kwamba wazima moto, pamoja na magari yao mekundu, hukamata watu usiku na kuwatoa damu. Mwanahistoria Luise White aliwahoji wazee wa mjini, wakiwemo wanawake walioishi peke yao Pumwani na sehemu za River Road kati ya vita viwili vya dunia, na mwaka 2000 akatoa kitabu kizima kuhusu uvumi huo katika nchi kadhaa. Hakuuliza kama ni kweli kwamba damu ilitolewa. Aliuliza uvumi wenyewe unatuambia nini kuhusu maisha yao: kodi, kazi, nyumba, nani alikuwa na ruhusa ya kutembea usiku na nani hakuwa nayo.

Tofauti na zimwi ni hii: zimwi hula kwa njaa yake mwenyewe, mumiani huuza. Damu inakwenda hospitali, inakuwa dawa ya mtu mwingine usiyemwona. Mla watu wa kijijini unaweza kumvizia darini ukiwa na mkuki. Yule wa mjini ana gari, ana sare, na aliyemtuma yuko ofisini. Ukiuliza mji mkuu uliongeza nini kwenye ukoo wa mazimwi, jibu ni hilo: mshahara.

"Zimwi likujualo halikuli likakwisha" maana yake nini?

Kwamba adui au mkubwa anayekufahamu atakuumiza lakini atakubakiza. Watu huitumia kueleza kwa nini hawahami kwa mwenye nyumba anayepandisha kodi kila Januari, kwa nini wanabaki na mwajiri anayechelewesha mshahara, na kwa nini diwani yuleyule amechaguliwa mara ya tatu. Angalau huyu tunamjua.

Methali haikusema zimwi huyo ni mzuri, wala haikusema hatakula. Inasema hatakumaliza. Anayeitumia kama sifa ameisoma nusu. Ukiisikiliza vizuri ni ya mtu anayehesabu vidole vilivyobaki.

Magazeti husema "zimwi la ufisadi", "zimwi la ukabila". Ni matumizi sahihi?

Kisarufi ndiyo. Lakini yamechoka, na mimi ningeyapumzisha.

Ufisadi unapoitwa zimwi, neno linawiana vizuri na Kiswahili chetu, kwa sababu rushwa huliwa. Tunasema kula hongo, kula pesa za umma, na wanasiasa wetu wamefikia hatua ya kusema wazi kwamba sasa ni zamu yetu ya kula. Zimwi ni mlaji. Hadi hapo sawa. Tatizo ni kwamba mwandishi akisema "zimwi la ufisadi limeikumba wizara", zimwi amekuwa kama mafuriko: limetoka huko, limepita, limeikumba. Hakuna aliyekula. Katika hadithi zimwi ana jina la nyumba, ana njia anayopita, kuna aliyemfungulia na kuna aliyeona inzi akanyamaza. Ukitaka kulitumia neno hili gazetini kwa haki ya hadithi, tuambie nani amekula, amekula nini, na sahani ilikuwa ya nani.

"Zimwi la ukame" ndilo baya kuliko yote. Ukame hauna kisogo.

Waandishi wakubwa wamemtumia zimwi vipi?

Ngũgĩ wa Thiong'o ndiye wa kutajwa kwanza. Riwaya yake ya Kikuyu iliyotoka mwaka 1980, ambayo Kiswahili chake ni Shetani Msalabani, aliiandika akiwa kizuizini Kamiti, kwenye karatasi za chooni. Humo mzee mmoja anasimulia habari za mkulima aliyembeba zimwi mgongoni. Zimwi amezamisha kucha shingoni na mabegani mwa mkulima. Mkulima ndiye anayelima, anayechota maji, anayepika. Zimwi anakula na kulala palepale mgongoni. Mganga anamshauri achemshe mafuta na kuyamwaga kwenye kucha za zimwi akiwa usingizini. Mkulima anauliza: na nikiungua mgongo?

Hilo swali lina thamani kuliko vichwa vya habari mia.

Mtu akiniita zimwi mtaani, nikasirike?

Inategemea. Ukiambiwa unakula kama zimwi kwenye harusi, cheka na uongeze pilau. Ukiambiwa nywele zako ni za zimwi, mtafute kinyozi. Mwanamke akimwita mumewe zimwi mbele ya wazazi, hapo hapana mzaha tena, kikao kinahitajika. Na mtoto wa mtu usimwite hivyo hata kwa utani, kwa sababu mtoto hulibeba jina hadi shuleni.

Ngeli yake ni ipi: zimwi alikuja au zimwi lilikuja?

Utasikia zote mbili. Methali imeshika LI. Wasimulizi wengi hutumia A-WA, kwa kuwa ni mhusika anayesema na kutenda: zimwi akasema, mazimwi wakacheka. Mimi hufuata njia hii: zimwi wa hadithini humpa A-WA, na zimwi wa tamathali, lile la ufisadi, hulipa LI-YA. Jambo ambalo mtahini hasamehe ni kuanza sentensi kwa LI na kuimaliza kwa A.

Kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, nikiulizwa sifa za ngano za mazimwi, niandike nini?

Wahusika ni mazimwi au majitu wenye maumbile yasiyo ya kawaida, wanaokula binadamu na mifugo. Wana uwezo mkubwa mno, lakini ni rahisi kuwadanganya. Mgogoro ni kati ya wema na uovu, na mwishowe zimwi hushindwa, mara nyingi na mnyonge: mtoto wa mwisho, ajuza, ndege. Kuna wimbo unaorudiwa. Kuna fantasia. Toa mfano kwa kila hoja, kwa sababu hoja isiyo na mfano huonekana imekaririwa. Usisahau fomula ya kuanzia: paukwa, pakawa, au hadithi hadithi, hadithi njoo. Kikuyu msimulizi huanza kwa kuwaambia wasikilizaji waseme itha.

Mchungaji wetu anasema hadithi hizi ni za kishetani.

Zimwi hasujudiwi na mtu yeyote katika hadithi hizi. Huuawa. Kama mchungaji bado hajaridhika, msimulie ya Daudi na Goliathi usiku huo, kisha endelea na ya mhunzi kesho.

Mtoto wangu ana miaka minne. Nimsimulie?

Msimulie, lakini kwa masharti. La kwanza na kubwa: usiikatize hadithi kabla zimwi hajafa. Mzazi anayesema "tutamalizia kesho" wakati zimwi yuko mlangoni amemwacha zimwi huyo ndani ya nyumba ya vyumba viwili hadi asubuhi. Kama muda hautoshi, chagua fupi. Pili, wimbo uwe mwingi kuliko vitisho. Mtoto anayeimba pamoja nawe haogopi sana, kwa sababu ana kazi ya kufanya. Tatu, usimtumie zimwi kama askari wa mboga. Ukimwambia asipokula sukuma zimwi atakuja, umemgeuza kuwa mtumishi wako, na siku stima zikipotea utajuta.

Kwa mtoto anayelala kwa shida, acha ile ya sauti ya mama mlangoni hadi afikishe miaka saba au minane. Ya njiwa haina tatizo. Watoto wengi humpenda njiwa kiasi cha kumsahau zimwi kabisa.

Kwa nini husimuliwa usiku?

Mchana kulikuwa na kazi. Wahenga wakaongezea miiko ya kuwatisha wavivu.

Nairobi nitazipata wapi hadithi hizi?

Maktaba ya McMillan iko Banda Street katikati ya jiji. Ilifunguliwa mwaka 1931 kwa ajili ya Wazungu peke yao, na sasa ni ya kila mtu. Ina matawi Kaloleni na Makadara, ambayo kwa mkazi wa Eastlands ni karibu zaidi. Ulizia rafu za fasihi simulizi na vitabu vya watoto vya Kiswahili.

Ila vitabu huzinyoosha hadithi hizi, nyimbo zikabaki mistari miwili na zimwi akapoteza sauti. Kama kuna mtu mzima katika ploti yenu aliyekulia mashambani, mama mboga, mlinzi wa lango, nyanya wa jirani aliyekuja kutibiwa, mwombe yeye. Mwambie akusimulie kwanza kwa lugha yake hata kama huielewi yote, ili usikie zimwi anavyoongea, kisha arudie kwa Kiswahili. Na akifika kwenye wimbo, itikia.